Mlenda wa Porini

Mgeni hashuki garini, na hachumi hata jani. Antipasi, askari wa wanyamapori, aliwaambia hivyo wageni wote langoni mwa hifadhi, awe kiongozi wa chama au mzee wa kanisa, na hakuna aliyewahi kumwona akilegeza masharti hayo.

Mwaka 1974 lori la kijiji kimoja cha ujamaa, upande wa Ikungi, lilileta akina mama kutazama wanyama na kurudi siku hiyo hiyo. Walikuwa wamelima vizuri shamba la pamoja, wakastahili matembezi. Antipasi alipopanda nyuma ya lori, akamwona Mama Raheli, mama mkwe wake. Akageuza uso upesi. Kwao mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, husema naye kupitia kwa mtu mwingine, na kumgusa ni aibu kubwa. Tena siku hizo alikuwa na sababu ya kujichunga zaidi. Mkewe Theodora alikuwa kwa mama huyo, akisubiri kujifungua mtoto wao wa kwanza. Akikosana na nyumba ile, habari za mtoto atazisikia tu, hatamwona.

Lori likasimama kupisha twiga. Mvua zilikuwa zimeotesha mlenda kila mahali, mbichi, haujaguswa na mtu. Mama Raheli akashuka na kuanza kuchuma, akitia kwenye pindo la kanga.

"Shangazi Martina," Antipasi, akiwa amempa mgongo mkwewe, alimwambia mama mmoja aliyezoea kuwapelekea maneno, "mwambie mama arudi garini."

"Raheli we! Mkweo anauonea wivu mlenda wako."

"Mwambie binti yangu yuko karibu kujifungua. Atakula nini, hayo masharti yake?"

Akina mama wakaangua kicheko. Antipasi naye akauma mdomo asicheke. Alimpenda mama yule. Kila msimu alimpelekea asali kwa mkono wa Martina.

Ndipo nyati akakoroma kichakani. Antipasi aliijua sauti ile. Hapakuwa na muda wa kumtuma Martina. Akaruka chini, akamshika mama mkwe mkono, akamtazama usoni.

"Panda, mama! Sasa hivi!"

Akamnyanyua kama gunia la uwele, akamtupia wenzake waliompokea juu. Nyati akatokea, akanusa pale mama alipokuwa ameinama, akarudi kichakani.

Kwenye pindo la kanga ulikuwa umebaki mlenda kidogo.

"Umeshamwaibisha mbele yetu," Martina alisema. "Mwachie basi huo."

"Na kesho nitamkataza nani?"

Akaumwaga mwenyewe, macho chini. Mama Raheli akajifunika kanga kichwani mpaka langoni. Hapo akamnong'oneza Martina, naye Martina akaja kwa Antipasi bila utani.

"Anasema ahsante, umemwokoa. Lakini umemshika mkono mbele ya watu. Usikanyage kwake mpaka wazee wakae, utoe kondoo wa kuifuta aibu."

"Kondoo ninaye hata leo."

"Kondoo si shida, mwanangu. Wazee ndio hawana haraka."

Na kweli hawakuwa nayo. Mwaka ule watu walikuwa wakihamishiwa vijiji vipya, na wazee waliosubiriwa wakatawanyika huku na huko. Walikuja kukaa baada ya mavuno ya mwaka uliofuata. Antipasi hakuwapo binti yake alipozaliwa wala alipopewa jina. Alimwona kwa mara ya kwanza akiwa anatembea, na mtoto akamkimbia akilia.