Kiti cha Mti Mbichi

Nakumbuka siku moja pale Kidete, Mzee Chitemo alikalia kiti nilichokitengeneza mimi, mguu wa nyuma ukachomoka, akaanguka nacho. Nyonga ikalia ka! Mwanangu, mlio ule nausikia mpaka leo.

Ngoja nirudi nyuma. Mzee Chitemo ndiye aliyenifundisha useremala. Kwake, kiti chako cha kwanza hukikalii wewe. Hukikalia yeye, na akishainuka ndipo unaitwa fundi. Mbao za mninga tuliziweka uchagani juu ya meko ya mkewe, zikala moshi misimu miwili. Alikuwa akisema, "Mti mbichi una maji. Yakitoka, kiungo kinalegea."

Ikaja amri ya kuhamia kijiji cha ujamaa. Mwenyekiti wetu, Lugendo, akaja na mgambo, wakazishusha mbao zote.

"Shikamoo, Mzee. Hizi sasa mali ya kijiji. Za madawati."

"Marahaba. Na shule iko wapi, Mwenyekiti?"

"Inakuja, Mzee."

Shule ilikuja kweli, watoto wakakaa chini. Mbao zikawa mlango wa Lugendo. Ile alama ya msalaba aliyoichoma Mzee kwenye mbao zake kwa chuma cha moto iko palepale, karibu na bawaba.

Nami nilikuwa na haraka. Wakwe walisema binti yao haolewi na mshika msumeno wa mtu. Nikakata mninga mbichi mlimani, nikachonga, viungo vikakaza vizuri. Mti mbichi hukaza siku ya kwanza, ndiyo hila yake. Mzee alikuwa na homa, kiti kikamngoja juani wiki tatu. Alipopona akauliza, "Umekauka huu?"

"Umekauka, baba."

Akakaa.

Tulimpeleka Kilosa kwa treni. Alirudi na mkongojo, randa hakuishika tena mpaka tulipomzika. Nilikiri kando ya kitanda chake. Akasema tu, "Niliugusa ule ubao, nikajua. Nikakuamini wewe."

Mwanangu, haraka haina baraka, hilo unalijua. La kwangu ni hili: fundi wako akikuuliza, sema kweli, hata kama harusi itangoja mwaka. Mungu akupe mbao kavu na subira ya kuzingoja.

Uongo ni wangu, nimeubeba. Lakini mbao, Lugendo? Ungali hai, unaingia na kutoka. Ung'oe mlango huo, umpelekee mjane wa Chitemo, na useme mbele ya watu ni dawati gani lile. Nangoja jibu.