Vinywa Juu ya Maji

Papa, baba yangu, alipofariki alituachia bwawa la tilapia nyuma ya nyumba, na juu yake banda la nguruwe lililosimama kwenye miti ili samadi ianguke moja kwa moja majini. Ndivyo wengi wanavyofuga hapa Kisangani: maji yakiwa kijani, samaki wananenepa. Mama akaapa kwamba siku ya kuondoa matanga wageni watakula samaki wa papa, si wa mtu mwingine. Ndugu za papa wangekuja kutoka Yanonge, watu wa mto wasiokosa la kusema juu ya samaki wa wenzao.

Kwa hiyo mama akawa anaongeza bwawani: mifuko ya samadi ya kuku, pumba za mchele, masalio ya fufu. Maji yakawa mazito kama sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, chunguni. Mimi nilibeba tu. Tangu mazishi nilikuwa mtu wa kubeba.

Asubuhi moja tulikuta tilapia wote wamepanda juu, vinywa wazi.

"Samaki iko na njaa," mama alisema. "Leta pumba ingine."

Nikaleta. Kesho yake wakapanda tena, mama akamwaga zaidi. Kulipokucha tena walikuwa wamelala ubavu, bwawa zima jeupe. Nilijua napaswa kulia, lakini nilisikia ganzi tu, nikaenda kutafuta beseni la kuwazolea.

Mdogo wake papa alikuwa amekwisha kufika. Alisimama ukingoni akiziba pua.

"Haikukuwa njaa, shemeji. Maji iliishiwa hewa. Samadi ikizidi, ile kijani inajaa, na usiku inavuta hewa yote. Samaki alikuwa anatafuta kupumua."

Mama akachukua beseni mkononi mwangu, akaanza kuwazoa.

Wageni wakala samaki wa friji kutoka maduka ya Makiso, katikati ya mji. Mmoja akatania kwamba bwawa la kaka yao siku hizi linazaa barafu. Nilicheka nao, maana kucheka kulikuwa kwepesi kuliko kununa.

Walipoondoka tuliosha sahani, mama na mimi. Bila kuniangalia akasema:

"Papa yako naye, siku za mwisho, alikuwa anafungua kinywa vile vile."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nilikuwa namupa uji."

Nikapokea sahani mkononi mwake, nikaisuuza.