Kwa Nini Bukuru na Si Mimi

Ninaikumbuka siku ile, mwanangu. Jua lilikuwa bado kali juu ya mtaa wetu wa Musaga, na baba mdogo Lazaro ameketi uani kwetu, panga magotini, akilifuta kwa kitambaa taratibu kama mtu anayefuta sahani. Mimi nilisimama mlangoni. Ndani, dada yangu Bukuru aliomba maji, akanywa, akaomba tena.

Jina langu, Butoyi, limekwisha kukuambia kwamba tulikuwa mapacha. Kwetu anayetangulia huitwa Bukuru, anayemfuata Butoyi. Tulifanana hata marehemu baba akachoka kubahatisha, akawa anatuita sote "nyinyi". Kisha, katika miaka ile ya vita, wakati milio ya risasi ilipokuwa ikitelemka kutoka milimani, Bukuru akaanza kukonda. Nguo zikamning'inia. Kiu haikumwisha.

Hospitalini walisema ni sukari. Wakamwanzishia sindano za insulini, akarudisha mwili kidogo, hata akaanza kuimba tena akiosha vyombo. Lakini mipaka ikafungwa, barabara zikawa za kuviziana, na maduka ya dawa mjini yakabaki na rafu tupu. Aliyetuokoa ni jirani yetu Mama Rejina, mjane aliyeuza juisi ya ndizi. Alikuwa na binamu Uvira, ng'ambo ya mpaka, na kila alipopata njia alituletea kichupa kimefungwa kitambaa kibichi. Tulikihifadhi ndani ya chungu cha maji, maana umeme haukuaminika.

Mama Rejina hakuwa wa kabila letu. Sitakuambia nani alikuwa nani. Ukiona unatamani sana kujua, jiulize kwa nini.

"Sukari ni ugonjwa wa wazee wenye kitambi," baba mdogo alisema siku ile. "Huyu mutoto ni mwembamba kama ufito. Na tazama Butoyi! Damu moja, chungu kimoja, huyu amenawiri na yule anakauka. Sababu gani? Bukuru peke yake ndiye anaingia kwa Rejina kunywa juisi. Kikulacho ki nguoni mwako."

Nikamwambia, "Baba mdogo, si yeye ndiye anatuletea dawa?"

"Ndivyo anavyomaliza kazi."

Hakuna kilichoniuma kama hicho, mwanangu. Afya yangu mwenyewe ilikuwa imegeuka ushahidi dhidi ya mtu asiye na hatia.

Mama akamwita Daktari Melkiori, mzee mstaafu aliyeishi mtaa wa pili. Alikuja kwa mkongojo, akaliona panga. Aliomba kigoda, akakisogeza hadi magoti yake yakakaribia kugusana na ya baba mdogo.

"Lazaro, swali lako ni zuri. Jibu lako ndilo baya. Mwilini mna aina fulani ya chembe nyeupe za damu zinazotulinda. Kila moja ina kipokezi, tuseme mkono wa kupapasia, ambao kwao inamtambua adui. Jeni za kutengeneza mkono huo hatuzirithi zikiwa kamili. Tunarithi vipande tu. Kila mwili unavikata na kuviunga wenyewe, kwa bahati. Wape mapacha shanga zilezile, kila mmoja atunge macho yamefumbwa. Mikufu itafanana?"

Baba mdogo akatikisa kichwa.

"Chembe zinazoweza kuudhuru mwili wao huondolewa mapema, kwenye tezi moja hapa kifuani. Lakini kuna zinazopenya. Za Bukuru zimevamia kongosho, pale insulini inapotengenezwa. Kwa nini yeye na si Butoyi? Hatujui yote. Ila kufanana sura si kufanana ndani, na hapa hakuna mkono wa mutu."

Baba mdogo alilitazama panga. Kisha akasema polepole, "Basi, muganga, kama hata damu inajipiga yenyewe, sisi tutaachaje kupigana?"

"Apana!" Sikuwahi kumsikia mzee yule akipaza sauti. "Usijifiche nyuma ya chembe. Chembe haina dhamiri, haiwezi kuuliza. We una mudomo. Ulimuuliza Rejina hata neno moja?"

Panga likaanguka chini. Baba mdogo aliinuka, akaenda mikono mitupu kwa jirani kuuliza. Akakuta kufuli mlangoni. Asubuhi ile baba mdogo alikuwa amesema barabarani kwamba Rejina anamlisha Bukuru sumu; maneno hayo yalikuwa yamemfikia mjane yule, naye akakimbia. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kichupa cha mwisho kikaisha. Bukuru akawa anahema kwa nguvu, pumzi yake ikinuka kama matunda yaliyoiva mno. Nilimshika mkono. Neno lake la mwisho lilikuwa, "Mama Rejina amerudi?"

Alirudi tukiwa matangani. Miguu ina vumbi, kifuani amebana kitambaa kibichi. Kumbe alikimbilia Uvira, akajificha karibu na mpaka hadi njia ya kurudi ilipopatikana.

"Nimechelewa?" aliuliza.

Baba mdogo alipiga magoti mbele yake, naye hakumtazama. Alikwenda moja kwa moja kwa mama, wakalia pamoja kama waliomzaa Bukuru wote wawili. Dawa ile Daktari aliipeleka mtaa wa Gasenyi kwa msichana mwingine mwenye ugonjwa huohuo.

Basi, mwanangu, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Msiba ukibisha hodi, moyo hutafuta wa kumlaumu, na aliye karibu ndiye huonekana kwanza. Usiukubalie. Muulize mwenye elimu, kisha muulize jirani yako mwenyewe, uso kwa uso, kabla hujamtaja kwa watu. Na mtu akikuambia kuuana kumo katika damu, mwambie damu haijui itendalo, wewe unajua.

Mungu akukinge na maradhi, na yakikufika, akupe wa kukuvukia mpaka. Uzae, ulee, uzeeke ukiwa na majirani wanaokuita kwa jina lako. Amina.