Kanga Nyekundu Chini ya Mwamba wa Tatu

Harufu ya penseli inayochongwa kwa wembe hunirudisha kwenye kosa langu la kwanza: niliandika kila nilichokiona, kwa mwandiko safi, nikamwonyesha mtu kwa kuwa nilitaka sifa. Nakuambia wewe unayesoma, maana mama sikumwambia.

Tulikaa karibu na Diaca, chini ya miinuko. Wakati wa vita Wareno walituzungushia seng'enge, na askari wao, tuliowaita tropa, walipiga filimbi kufunga lango giza likianza kuingia. Jua letu lilijificha mapema nyuma ya mlima, na mwezi mwandamo ukalifuata huko huko. Ndiyo maana Ramadhani ilipokaribia kwisha, watoto tuliruhusiwa kupanda kuutafuta, ilimradi tushuke kabla ya filimbi. Mwaka mmoja watoto walionizidi umri walishangilia kipande cha wingu, kijiji kizima kikala Idi siku moja mapema. Wazee waliilipa funga ile wamenuna. Watu walicheka, mimi nilikosa usingizi. Nilikuwa mtoto wa kufuta herufi moja mpaka karatasi itoboke.

Nikaapa nitatafuta mahali pasipo na kosa. Mwamba wa kwanza ulizibwa na mkorosho. Wa pili ulikuwa na siafu, na mtu anayeumwa na siafu hawezi kuapa kwamba ameuona mwezi. Wa tatu ulikuwa wazi hadi jua linapogusa ardhi.

Ilibaki kujua saa ya kuanza kutazama. Chini ya mwamba ilionekana njia ya kisimani, na baadhi ya jioni dada yangu Zuhura alipita pale na ndoo kichwani, amejitanda kanga nyekundu. Nikaifanya kipimo. Kanga ikiwa bado nyekundu, ni mapema. Ikigeuka nyeusi machoni, inua uso. Herufi nilikuwa nimejifundisha kwenye makaratasi ya sabuni, basi nikaandika yote: siku, mwamba, rangi ya kanga, na mahali ilipoingia mitini.

Kaderno, daftari langu la kwanza, na penseli alinipa mjomba, mdogo wake mama, aliyeuza nguo kati ya Palma na kwetu. Kati ya wachuuzi, yeye peke yake alipita langoni bila kupekuliwa. Nilidhani ni heshima.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Hebu tuone hiyo kazi." Akasoma akifuata mistari kwa kidole. "Kanga ya nani hii?"

"Ya dada Zuhura."

"Na kisimani hasimami?"

"Hasimami. Maji ya mbele ndiyo matamu." Hilo nililibuni, sikupenda swali likose jibu.

"Wewe mtoto! Hata profesori hakufikii." Akaniomba kaderno akae nalo kidogo. Siku ile sikusikia njaa ya funga.

Jioni ya ishirini na tisa niliwatangulia wenzangu kupanda. Kwenye mwamba wangu walikuwa wameketi tropa wanne, mmoja ana darubini. Akatabasamu, akasogea. "Senta," akasema, akapapasa jiwe kando yake. Nikakaa.

Kanga ikatokea. Ikapita kisima. Niliingoja igeuke nyeusi. Kabla haijageuka ilisimama, na tropa wengine wakatoka vichakani pande zote mbili. Ndoo ikaanguka. Nyuma yangu watoto wakapiga kelele, "Mwezi! Mwezi!" Na kweli ulikuwa mwezi, mwembamba kama ukucha, pale pale nilipoandika.

Siku ya Idi mjomba alikuja kutupa pole. Alilia, akamwita mama "dada yangu, dada yangu," kisha akanirudishia kaderno. Ukurasa wa mwamba wa tatu haukuwemo. Ulikatwa kwa wembe, mkato umenyooka kama mstari wa rula. Nililia mpaka nikakosa pumzi. Mama akanikumbatia, akidhani namlilia Zuhura. Nilikuwa naulilia ukurasa.

Nilikuwa mkubwa nilipoambiwa kwamba ndoo ile haikuwa ya maji. Ilikuwa na chumvi ya wapiganaji waliokuwa msituni. Ndipo nikayapitia maswali ya mjomba moja moja, nikagundua kwamba hakuniuliza hata neno kuhusu mwezi.

Zuhura hakurudi. Mjomba alikufa mzee, amezungukwa na wajukuu, na mama alimwombea dua kila Ijumaa hadi naye alipotutoka. Nilikaa kando yake, nikaitikia amina.

Siku hizi mwezi tunausikia redioni, hakuna anayepanda. Naandika bado, lakini siandiki jina la mtu kabla sijamwomba ruhusa. Jina la Zuhura ndilo la kwanza tangu wakati ule ambalo nimeliandika bila kumwuliza mwenyewe.