Mbuzi wa Mzazi Hakuwa Mshahara

Elisifa Njau alimfukuza kazi mwanamke mwenye mtoto wa miezi mitatu mgongoni. Hakujua kwamba amemfukuza. Alidhani amemtunza.

Saa moja asubuhi, mtaa wa Soweto, Moshi mjini. Mashine za kufuma zimeshaanza kukwaruza katika karakana ya masweta ya shule. Elisifa, mwenye miaka 54, amesimama mbele ya fundi mpya, Rachel, na anampa karatasi mbili.

"Soma."

"Nimeshasoma, Mama Jesse. Nipe kalamu nisaini."

"Umesoma saa ngapi na nimekupa sasa hivi? Soma kwa sauti."

Mafundi wanacheka. "Soma tu, dada," anasema mmoja bila kuinua macho kwenye uzi. "Hata sisi alitusomesha kama watoto wa kipaimara."

Rachel anasoma. Mkataba wa ajira. Malipo kwa kila sweta. Likizo ya mwaka siku 28. Likizo ya uzazi siku 84, kwa malipo. Akirudi kazini, saa mbili kila siku za kunyonyesha. Hakuna anayeachishwa kazi kabla ya kuambiwa kosa lake na kusikilizwa.

Akimaliza, Elisifa anamuuliza maswali. Akikosea, anarudia kusoma.

Mwenye karakana hii aliishia darasa la saba. Alijifunza kufuma kwa kina mama wa usharika huko kwao Old Moshi, akashuka mjini na mashine moja ya mkopo. Leo ana mafundi watano. Kuanzia Novemba hadi Januari wanafuma masweta karibu elfu moja na mia tano, na shule nyingi za mlimani zinamfahamu kwa jina.

Mwaka juzi hapakuwa na karatasi yoyote humu. Fundi wake hodari alikuwa Ester Mkumbo, ambaye wazazi wake walitoka Singida kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Ester alifuma masweta matano kwa siku, siku sita kwa wiki, kila sweta shilingi elfu mbili.

Septemba alijifungua. Elisifa akafanya kama anavyofanyiwa mzazi yeyote kwao. Alinunua mbuzi wa elfu tisini. Alishusha mikungu miwili ya ndizi mchare kutoka mlimani kwa ajili ya supu ya mtori, akaongeza samli na kitenge. Akamwambia Ester akae ndani miezi mitatu, ale, anenepe, asiguse kazi.

"Nilijisifu," anasema. "Nilijiuliza, ni bosi gani mwingine Moshi hii anapeleka mbuzi?"

Mshahara hakupeleka. Haukumjia hata akilini.

Ester anasimulia upande wake akiwa kwenye mashine, bila kusimama. "Nyama niliila wiki mbili, na ilikuwa tamu, siwezi kudanganya. Lakini mwenye nyumba wangu hali mtori. Anataka kodi. Kwetu hatukai ndani miezi mitatu, mimi nilikaa kwa sababu Mama Jesse alisema."

Desemba alirudi na mtoto mgongoni. Kwenye kiti chake alikuwa amekaa Hilaria, aliyechukuliwa kwa muda. Msimu ulikuwa umepamba moto na Elisifa hakutaka kubadilisha mikono. Akamwambia Ester aendelee kulea, nafasi ikipatikana ataitwa. Ester alikuja Jumatatu tatu mfululizo. Jibu lilikuwa lile lile. Jumatatu ya nne hakuja. Alikwenda kwenye tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, akajaza fomu, akaileta karakanani mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umemleta mtoto nimwone?"

"Nimeleta karatasi."

Elisifa anasema hakulala siku mbili kwa hasira. Shemeji yake Melkior, mwenye karakana ya samani, alimpa ushauri: afunge biashara, afungue tena kwa jina la mwanaye Jesse, na Ester ahangaike na jina lisilokuwepo.

"Nilimwambia, Melkior, jina hili walimu wamelizoea miaka ishirini na sita. Silifichi kwa ajili ya mshahara wa mtu. Kama nimekosa, waniambie nimekosa wapi."

Wakamwambia. Mbele ya msuluhishi alianza kwa kumtaja mbuzi, bei yake na hata rangi yake. Msuluhishi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hiyo ilikuwa zawadi na anampongeza, ila wamekuja kuzungumzia malipo.

"Nikamuuliza, huyu analipwa kwa sweta. Hakufuma hata moja. Nilipe sweta gani?"

Msuluhishi akamwomba ataje Ester alikuwa akifuma mangapi kwa wiki. Elisifa hajui kudanganya kuhusu kazi. Akasema thelathini. Basi, akaambiwa, lipa hayo thelathini, mara wiki kumi na mbili.

Walielewana siku hiyo hiyo. Elisifa alilipa na Ester akarudi kwenye kiti chake. Hilaria hakuondolewa.

Kisha Elisifa akafanya jambo ambalo waajiri wengi wa mjini hapa hawajafanya. Alinunua kitabu cha sheria ya kazi, akamwomba Ester wakisome pamoja Jumapili baada ya ibada. Wakaandika kanuni za karakana. Elisifa alitaka kifungu cha mbuzi kiwemo. Ester akakikata kwa kalamu nyekundu. "Mbuzi lete, mama, ila usimwandike."

Leo kanuni hizo zimebandikwa ukutani, na wenye saluni na maduka ya jirani huja kuzinakili. Melkior naye alikuja, huku akinung'unika kwamba vijana wake saba ni watoto wa nyumbani, mkataba wa nini.

"Hao hao wa nyumbani ndio watakaokupeleka kwenye tume," Elisifa alimjibu. "Ikiwa wa mbali hakuniogopa mimi, wa nyumbani atakuogopa wewe?"

Melkior alinakili.

Elisifa hazungumzi kwa aibu. Anasema mwaka ujao anataka mafundi wanane, wote wakiwa na mikataba na michango ya hifadhi ya jamii. Ukimuuliza somo lilimgharimu nini, anahesabu kwa vidole.

"Likizo ya Ester, laki saba na ishirini elfu. Wiki nane alizokaa bila kazi, laki nne na themanini. Jumla milioni moja na laki mbili. Oda ya shule moja, masweta mia na arobaini, niliikosa kwa sababu nilichelewa kuikabidhi nikihangaika na kesi. Haijarudi. Fedha sikuwa nazo, nikauza mashine. Za mafundi nisingeweza kuuza, wangefuma na nini? Niliuza ile niliyokuwa nakalia mimi. Toka siku hiyo sijafuma sweta. Nashona vifungo."