Kicheko cha Minko

Kompyuta ilikuwa imemchosha Zdravka roho. Alikuwa msafishaji wa picha za marehemu katika duka dogo la mjini Tryavna, mahali ambapo mtu akifa karatasi yenye sura yake hubandikwa getini kwake, na nyingine hubandikwa siku ya arobaini. Kila alipogusa picha, programu iliganda. Mwenye duka alikuwa akija kazini na gari jipya, lakini akiombwa kompyuta nyingine alilia hali ngumu.

Asubuhi hiyo Zdravka akaamua kujisaidia mwenyewe. Aliipa programu sehemu kubwa ya kumbukumbu ya mashine, akapunguza hatua za kurudi nyuma, zile za kutengua kosa, hadi tano. Kisha, kwa kuwa diski ilijaa na programu haina pa kufanyia kazi, akafuta nakala za mwanzo za picha zote alizokwisha kuanza kuzisafisha. Familia zina picha zao za karatasi, alijiambia.

Programu ikawa nyepesi ajabu. Aliendelea na picha ya Minko, mchonga mbao, ambayo ukungu ulikuwa umeila kando ya mdomo. Brashi iliteleza bila kukwama. Akasafisha, akalainisha, akahifadhi juu ya ile ile, moyo kwatu.

Mchana akaingia Stoyanka, mjane wa Minko, na bakuli la ngano ya kuchemsha yenye sukari na jozi, ya arobaini ya mumewe. Akainamia skrini.

"Huyu nani, mwanangu?"

"Si babu Minko, bibi?"

"Minko alikuwa anacheka hapo. Wewe umemfunga mdomo."

Zdravka akatazama tena. Ule mkunjo uliopinda pembeni mwa mdomo, alioudhania ukungu, ndio uliokuwa kicheko chenyewe. Akabonyeza kurudi nyuma. Miguso mitano ya brashi shavuni ikafutika, basi. Akaiomba ile picha yenyewe ya karatasi aiingize upya.

Stoyanka akamjibu kwa upole uliozidi kumchoma kwamba picha hiyo iko kaburini. Jeneza lilipokaribia kufungwa aliiweka kifuani pa mumewe, maana nakala ilikuwa salama dukani. Picha nyingine ya Minko ilikuwa ya kitambulisho, ile ya karatasi ya kwanza ya getini, ambamo majirani walisema anafanana na mtu aliyekamatwa.

Zdravka akaahidi kukichora upya kicheko hicho, hata kama atakesha.

"Hukuwahi kumwona akicheka," Stoyanka akasema. "Usinibunie mume. Mtoe kwenye karatasi ya arobaini, weka msalaba."

Zdravka akamtoa. Jioni alikwenda mwenyewe kuibandika karatasi hiyo getini kwa mjane. Jirani aliyekuwa akipita na mkate kwapani akasimama, akausoma msalaba na jina, akatikisa kichwa.

"Maskini Minko. Hakuwa hata na picha moja ya maana?"

Gundi ilikuwa bado mbichi vidoleni mwa Zdravka.

"Alikuwa nayo," akasema. "Mimi ndiye niliyeifuta."