Komeo Lililochomelewa kwa Nje

Nimewahi kumzaba mtu kofi kwa sababu ya ukweli. Dakika tano baadaye nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Wakati wa vita nilikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, karakana ya jeshi. Siku hiyo wakatuletea kifaru cha adui, kimetekwa kizima. Pamoja na dereva wake, mikono imefungwa pingu.

Mkuu wa karakana, tulizoea kumwita Msumari, akaniambia, "Fundi, una siku tatu. Nitafutie pa kukiulia hiki kidude."

Vidude hivyo vilishafukia nusu ya mtaa wetu. Nilimtazama yule mateka nikatamani nimtafune mbichi.

"Chuma chembamba kiko wapi?" nikamuuliza.

"Tafuta mwenyewe. Si unajiita fundi?"

Jeuri hiyo!

Siku mbili nzima nikagonga, nikapima, nikatoboa. Drili tatu zikavunjika ncha. Mbele chuma, ubavuni chuma. Jamaa kakaa chini, ananicheka.

Siku ya tatu uzalendo ukanishinda.

"Wenzako wote walitimua mbio. Wewe bwege ulibaki ndani unafanya nini?"

"Sikubaki. Walinifungia."

Paaa! Kofi.

"Unamtania nani wewe?"

Akatema damu. "Panda. Angalia kifuniko changu, kwa nje."

Nikapanda, nikafuta tope. Komeo! Nene kama la zizi la ng'ombe, limechomelewa juu ya kifuniko cha dereva. Nikakifunua. Upande wa ndani rangi yote imekwanguliwa kwa kucha.

Nilishuka. Sikumwomba radhi. Ningeanzia wapi?

Nikampelekea Msumari taarifa: udhaifu wao ni madereva, hawataki vita, wamefungiwa.

Akaisoma mara mbili. Akatabasamu.

"Kumbe ndiyo maana hawarudi nyuma! Washenzi wana akili. Kesho anza kuchomelea vya kwetu. Vyote kumi na viwili."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Afande, mle ndani wanakaa vijana wetu."

"Basi waking'ang'ania kutoka, watoke wameshinda. Au unataka nikutie humo wewe?"

Nikafyata. Nikachomelea.

Ila moto niliugusisha juu juu tu, upande mmoja, nikasawazisha, nikapaka rangi. Kwa macho, komeo la kweli. Kwa teke moja la nguvu, halipo.

Wiki iliyofuata vifaru vyetu vinne vikashika moto. Madereva wote wanne walitoka wanakohoa, nyusi zimeungua, lakini wazima.

Msumari akaokota komeo moja, akaligeuza, akaniangalia. Akaagiza niletewe pingu.

Nilikula miezi kumi na moja gerezani, na kazi ya jeshi ikaishia hapo.

Nimetembea na fundisho moja tu. Mtu ukimkomea kwa nje ili akupiganie, jua kwamba adui yake wa kwanza ni wewe.